Betri ya Kumwokoa Mama

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la betri Darajani, nikisubiri zamu yangu nyuma ya bibi mmoja wa makamo, buibui lake linachuruzika mvua. Alitaka betri ya pampu ya akiba, ile inayovuta maji ya mvua shimoni uani umeme ukikatika, yasifurike ndani. Nyumba yake hapa Mji Mkongwe iko bondeni, na mama yake mzazi, asiyejiweza, analala chumba cha chini.

Muuzaji akamwekea betri ya gari mezani. "Chukua hii, Bi. Inawasha hata lori."

"Mimi sina lori," akajibu. "Hiyo hutoa nguvu kwa mkupuo, kisha ikachoka. Masika iliyopita mliniuzia kama hiyo, haikumaliza saa moja. Nikambeba mama mgongoni, maji yananifika magotini. Nnataka ya sola, inayotoa nguvu polepole kwa saa nyingi."

Muuzaji akatabasamu. "Basi mwambie bwana aje, nielewane naye."

Bibi akabandika kiganja mezani. "Pampu yangu, mama yangu. Utaelewana na mimi, na siondoki."

Hakuondoka. Sisi tuliokuwa nyuma yake hatukunung'unika. Mwisho muuzaji akapanda ngazi, akaishusha betri ya sola. Bibi akasoma maandishi ya ubavuni kwa kidole, akataka ipimwe mbele ya macho yake. Ikapimwa.

Nshasikia mara nyingi kwamba wanawake hawajui mitambo. Yawezekana. Lakini aliyembeba mama yake majini anaijua betri kuliko anayeiuza.