Kuzima Seva Saa Nne Asubuhi

Hospitali ninayofanyia kazi hapa Tabora ina seva tatu. Zinakaa kwenye chumba kidogo nyuma ya masjala, kilichokuwa stoo ya magodoro kabla ya kufungwa kiyoyozi. Ndani ya vyuma hivyo vitatu zinaishi mashine kumi na nne: kompyuta zisizo na mwili, kila moja ikijiona iko peke yake. Moja ni ya masjala, nyingine ya dawa, nyingine ya picha za eksirei. Chuma kimoja kikiugua, naweza kuzihamishia mashine zake kwenye vingine bila kuzizima, na karani anayeandika jina la mgonjwa asijue.

Baba yangu, mstaafu wa reli kule Kaliua, alinielewa haraka kuliko wengi. "Kumbe mnabadilisha behewa abiria wakiwa wamekaa," alisema.

Mwaka juzi, mvua zikiwa zimeanza, seva ya pili ilianza kutoa onyo. Kipande kimoja cha memori kilikuwa kinakosea. Kipya kilipofika kwa basi kutoka Dar, nilimwambia bosi wangu nitakifunga saa nne asubuhi.

"Wagonjwa wamejaa mpaka nje," alisema.

"Ndiyo maana tuna tatu."

Akaruhusu.

Nilianza na mashine ya masjala. Asilimia zilipanda kwenye skrini, mia ikafika, nikatoka kuchungulia. Foleni ilikuwa inasogea kama kawaida. Nikahamisha ya dawa, kisha ya eksirei. Nilikuwa nimeshaanza kujisikia fundi hasa, ndipo mashine ya maabara ilipogoma.

Nilisoma ujumbe mara mbili. Diski ya mashine ile haikuwa kwenye ghala la pamoja ambalo seva zote tatu hulifikia. Ilikuwa ndani ya tumbo la seva ya pili yenyewe. Na aliyeiweka ni mimi, mwezi wangu wa kwanza kazini, wiki ambayo ghala lilikuwa limejaa. Nilisema naiweka kwa muda tu. Miaka miwili ikapita, na siku yoyote chuma kile kingekufa, maabara ingekufa nacho.

Programu yetu haikuweza kuihamisha ikiwa hai. Nikafunga mlango, nikaenda maabara.

Mkuu wa maabara ni mama wa makamo, mzaliwa wa Cheyo hapa hapa mjini, binti wa fundi cherehani, na hana masihara na kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenywea hivyo?"

"Naomba nizime mfumo wenu. Nusu saa."

"Si ulituambia hauzimwi?"

"Nilisema. Ila wenu mimi mwenyewe niliuweka ndani ya chuma kimoja tu, nikasahau, na sasa kinaugua."

Aliweka kichupa cha damu kwenye kishikio chake, polepole. "Na hicho chuma kingekufa leo?"

"Tungerudi kwenye nakala ya jana. Majibu yote ya asubuhi hii yangepotea."

Wasaidizi wake wawili waliacha kufanya walichokuwa wakifanya. Nilitamani anigombeze, yaishe. Badala yake alivuta daftari kubwa, akachukua rula na kuanza kupiga mistari.

"Majibu yote kwa mkono mpaka niseme," aliwaambia. Kisha akanigeukia. "Nusu saa, mwanangu. Wodi ya wazazi wanangoja majibu ya kundi la damu hapa."

Nilirudi karibu kwa kukimbia. Nilizima mashine, nikanakili diski yake kwenda ghalani, nikaketi kuitazama ikinakiliwa kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Dakika ya ishirini na mbili niliiwasha kwenye seva ya kwanza. Simu ya mezani ikalia.

"Imerudi," alisema mkuu wa maabara. "Ya jana yapo, na ya leo asubuhi yapo. Ya wodi ya wazazi tulishapeleka kwa karatasi."

Sasa seva ya pili ilikuwa tupu. Niliizima, nikafungua kifuniko, nikapangusa vumbi jekundu, nikachomeka kipande kipya. Ilipowaka haikuwa na onyo hata moja. Nje, foleni ya masjala ilikuwa imepungua nusu, na hakuna aliyeinua kichwa kunitazama.

Mchana nilikwenda kumshukuru yule mama. Alinisogezea kiti na sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga.

"Huku kwetu kila kichupa kina lebo," alisema. "Wewe unaweka vitu kwa muda bila kuandika popote?"

Jioni ile ile nilizikagua mashine zote kumi na nne. Hakukuwa na nyingine iliyokaa pabaya.

Ijumaa, baada ya swala, yule mama alipiga hodi kwenye chumba cha seva. Alitaka kuona.

"Yangu ni ipi?"

"Leo iko hapa juu. Kesho naweza kuipeleka ile ya chini, na hutajua."

Alicheka, akaweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa haraka. "Kuna baridi humu kama mochwari! Unakaaje?" Akajikunyata ndani ya ushungi wake, akanishika mkono, tukatoka kwenda kula.