Shemeji na Ukuta wa Sebuleni

Tulipoanza kukarabati nyumba kuukuu ya babu yangu kule Mafinga, shemeji yangu muuza viatu alikuja kutoka Mbeya, akajiteua msimamizi. Aliugonga ukuta wa sebuleni kwa kidole, akatega sikio kama daktari.

"Huu haubebi kitu. Vunjeni!"

Mke wangu akamwambia, "Kaka, huo ndio umeshika paa."

Shemeji akacheka, akanyakua nyundo mwenyewe. Matofali yalipoporomoka, paa nalo likabonyea huku mbao zikilia. Alitimua mbio hadi kwenye mahindi, vumbi mwili mzima.

"Mnaona?" akafoka. "Nilijua nyumba hii ni mbovu!"

Mama mkwe akamletea mwanawe chai, akamsifu kwa kugundua mapema. Sisi tukaenda kutafuta magogo ya kutegemeza paa.