Siku Mama Mkwe Alipopanda Tela

Naikumbuka siku moja ya gulio, mwanangu, miaka ya tisini, kijijini kwetu njia ya Isaka. Nilikuwa mke mpya mwenye mimba ya kwanza, na mume wangu Masanja alikuwa ameondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Mwanzoni alituma salamu kwa madereva wa malori. Baadaye hata salamu zikakoma. Nyumbani tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, ambaye kwa Kisukuma nilimwita mayu, yaani mama. Mimi nilikuwa na haya, yeye hakuwa mtu wa maneno mengi. Tulikula ugali kimya, ukasikia hata kuku akidonoa nje.

Nesi wa kituo cha afya alinipima akaniambia mtoto ametanguliza miguu, nisithubutu kuzalia nyumbani. Kituo kilikuwa mbali. Lakini wafadhili kutoka ng'ambo walikuwa wametuletea tela la kufunga nyuma ya baiskeli, lenye godoro na turubai la kuzuia jua, la kubebea wanawake wenye uchungu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ila wenyeji tulilikataa. Kazi ya kwanza ya tela lile ilikuwa kumrudisha mzee mmoja aliyefia kituoni. Ndugu zake hawakuwa na gari, nani angewalaumu? Tangu hapo wanawake wakaliita tela la maiti, wakasema alalaye palipolala maiti humfuata. Wafadhili wakaja, wakabadili godoro, wakapaka rangi mpya, wakafanya semina. Tulikunywa soda zao, tukaitikia kila walilosema, tukarudi nyumbani. Tela likabaki uani kwa mwenyekiti wa kijiji, kuku wakitaga humo.

Nami nilimwambia mayu kwa sauti ya chini kwamba nitazalia nyumbani. Alikuwa akipepeta mtama, hakuinua uso.

"Unaogopa tela lililobeba maiti," alisema. "Huogopi kuwa maiti?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, maana sikuwa na mwingine wa kumweleza kwamba naogopa vyote viwili.

Siku ya gulio mayu alijifunga khanga zake za kanisani, akaenda kwa mwenyekiti, akafukuza kuku, akapanda. Shija, kijana aliyepewa kazi ya kuendesha baiskeli ile, alimsihi ashuke. Akaambiwa akanyage pedali. Wakapita katikati ya gulio, mayu amelala chali, macho wazi. Watu wakaacha kupima mchele. Muuza tumbaku mmoja akamwuliza, "Mama Masanja, ndiyo unahamia makaburini?"

"Naenda kununua chumvi," alijibu bila kuinuka. "Uje jioni ule mboga yenye chumvi hiyo, uone kama nimekufa."

Watu walicheka. Muuza tumbaku alikuja kweli, akala. Wanawake nao wakapita kwa kisingizio cha kuomba moto, wamtazame. Kila gulio lililofuata mayu alipanda tena, na kila mara alirudi na chumvi.

Uchungu uliponishika sikubishana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mayu aliujua. Alitembea pembeni ameshika ukingo wa tela njia nzima. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Pana bonde, jikaze," na tukivuka, "Hapa tambarare, pumua." Manesi wakahangaika nami kwa vifaa vya wafadhili wale wale, binti yangu akatoka akiwa hai. Baada yangu, wengine wakapanda.

Binti akiwa bado wa kubebwa mgongoni, mayu aliugua, akafia kituoni kule kule. Shija akaleta tela mlangoni. Nesi akamwambia marehemu ameacha neno: asirudishwe kwa tela, hata jua liwe kali vipi, kwa sababu kijijini wapo wasichana ambao bado hawajazaa.

Basi wanaume wakambeba mabegani juu ya kitanda, wakipokezana. Mimi nilifuata na mtoto mgongoni, na nyuma yangu lilikuja tela tupu, magurudumu yakilia. Masanja hakuwapo. Hajarudi hadi leo. Binti naye ameolewa mbali, na ugali nala peke yangu, nikisikiliza kuku.

Mwanangu, usiudharau msaada wa watu wa mbali. Bila wao nisingepata tela wala nesi mwenye vifaa. Lakini godoro jipya halimtoi mtu hofu. Hofu humtoka akimwona mtu wa kwao ametangulia na kurudi. Ukimwona binti anaogopa kliniki, usimcheke wala usimhubirie. Tangulia wewe, kisha rudi umchukue. Na lililowekwa kwa ajili ya wanaozaliwa, waachie wanaozaliwa, hata siku yako ikifika.

Mungu akupe njia tambarare, mwanangu. Na penye bonde, akupe mtu wa kushika ukingo.