Shimo la Saba Haliukimbii Mlima

Kuna Jumamosi moja hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi hata miwani naitafuta nikiwa nimeivaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa ofisi ya kahawa hapa Moshi, na kila jioni nilipotoka kazini nilipita uwanjani kucheza gofu kabla ya kupanda Uru nyumbani. Watu wa kwetu walinicheka sana. Mama yangu aliuliza kama kuupiga mpira kwa fimbo kisha kuufuata ndiyo kazi niliyosomeshewa.

Uwanja wetu ulikuwa wa mashimo tisa, na wa watu wote. Hukuulizwa wewe ni mtoto wa nani. Ukimaliza mzunguko unakaa kwenye benchi na wenzako, mnakunywa chai, mnavisema viwanja. Hiyo ndiyo raha yenyewe, usidanganyike, kupiga mpira ni kisingizio tu. Ule wa shambani kwenye miwa, mtu atakwambia, nenda asubuhi, mchana jua litakukausha. Ule wa Arusha nyasi zake ni laini, ongeza nguvu. Na wa kwetu, kila mgeni aliambiwa neno moja: mpira unaukimbia mlima. Maana yake, ukifika kwenye grini, pale penye nyasi fupi kuzunguka shimo, hata kama macho yanakuambia pako sawa, mpira utashuka upande ulioupa Kilimanjaro kisogo. Na kweli ilikuwa hivyo, kwa mashimo manane.

La saba lilikuwa na mambo yake. Zamani ulipita hapo mfongo, ule mfereji waliochimba wazee wa kuteremshia maji mashambani, ukafukiwa uwanja ulipotengenezwa. Udongo wa kufukia huwa unatitia kidogo kidogo, kwa hiyo pale mpira ulirudi upande wa mlima. Aliyenionyesha ni Mzee Elinami, mkata nyasi wa uwanja, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Aliweka mpira, akausukuma kwa kidole cha mguu, tukautazama wote wawili ukipanda. Akaniambia, "Ndeshi, nimekuonyesha ili nawe umwonyeshe mwingine." Nikaitikia, ndiyo mzee.

Mwaka huo tulikuwa tunachagua wanawake wawili wa kwenda kushindana Arusha. Mmoja alishapatikana. Nafasi ya pili tuliigombea mimi na Mwanaidi, muuguzi, binti wa fundi cherehani wa Majengo. Gofu alijifunzia Dar es Salaam alipokuwa chuoni, na alikuwa amerudi Moshi mwezi uliotangulia tu. Mkono wake, niseme ukweli, ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nilimwonea wivu. Siku hizi mna majina mengi ya kuupamba, lakini ulikuwa wivu, tena ule wa kukosesha usingizi.

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya kushindanishwa, Mwanaidi alinikuta kwenye benchi. Kuulizana kabla ya mashindano hakukatazwi, na kila mtu alifanya hivyo. Akasema, "Dada Ndeshi, wewe ndiye mwenyeji. La saba bado silielewi. Mpira unaelekea wapi pale?"

Nikamjibu bila kumtazama, "Mpira unaukimbia mlima."

Akashukuru, akaniombea kwa Mungu, akaenda zake zamu ya hospitali. Mimi nikabaki najifariji kwamba sikusema uongo, nimesema wasemavyo wote. Mwanangu, mtu akianza kujieleza hivyo moyoni, ujue tayari ameharibu.

Jumamosi tulicheza pamoja. Wingu lilikuwa limeufunika mlima wote, lakini sisi wa hapa hatuhitaji kuuona ili tujue uliko. Tulifika la saba akiwa amenizidi kwa pigo moja. Akalenga juu kidogo ya shimo, ili mpira ushuke wenyewe kama nilivyomwambia. Mpira ukapanda. Akatazama nyasi, akatazama fimbo yake, akapiga tena vilevile, ukalikosa shimo tena. Alitumia mapigo manne pale nilipotumia mawili. Mashimo mawili yaliyobaki tulilingana, nikashinda kwa pigo moja. Akanipa mkono, akacheka, akasema nyasi za nyumbani zimemkataa.

Nilipokuwa natoka nikamkuta Mzee Elinami anasafisha mashine yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Yule binti alikuuliza la saba?"

"Aliniuliza, mzee."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia wanavyosema watu."

Akafuta mikono polepole. "Angetaka wanavyosema watu, angeuliza watu. Amekuuliza wewe." Akarudi kwenye mashine yake, na mimi nilitamani angenitukana.

Kesho yake, baada ya ibada, nilishuka Majengo. Mwanaidi alikuwa na wauguzi wenzake wawili. Aliponiona akainuka kwa furaha, akawaambia, "Huyu ndiye dada niliyewasimulia. Mkitaka kujifunza, muulizeni huyu, uwanja wote ule anaujua." Aibu iliyonishika siwezi kukueleza. Nikasema yote palepale, mbele ya wageni wake, nikalia, nikamwambia nafasi ya Arusha ni yake.

Mwanaidi akanimiminia chai, akanisogezea kikombe. "Arusha nenda wewe, jina lililoandikwa ni lako," akasema. "Na nimekusamehe, dada, kwa moyo mmoja. Ila kukuuliza, sitakuuliza tena."

Nilidhani ni hasira, zitapita. Tumecheza pamoja zaidi ya miaka thelathini. Alinipikia harusi ya binti yangu, nilipomzika mume wangu alilala kwangu siku saba. Lakini uwanjani hakuniuliza. Siku moja tulikuwa tunacheza kujifurahisha tu, watatu, na mgeni aliyefika Moshi kwa mara ya kwanza. Mwanaidi akasimama na mpira wake, hajui apige wapi, akamgeukia yule mgeni akamuuliza yeye. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake, na jibu nilikuwa nalo. Nikajifanya natafuta kitu mfukoni wasinione machozi.

Basi sikiliza. Nawaona mnavyovisema viwanja kwenye simu zenu, mnavipa nyota, mnaelekezana. Ni jambo jema, endeleeni. Ila mtu akikuuliza, mpe kile ulichokiona wewe mwenyewe, usimpe kinachosemwa. Kama hujafika, sema hujafika. Kama ulicheza siku ya mvua, mwambie ilikuwa mvua. Na ukijua jambo halafu ukaona uchungu kumwambia mwenzako kwa sababu litamsaidia akupite, hapo hasa ndipo ufungue mdomo. Msamaha utaupata, watu ni wema. Kuaminiwa tena ni jambo lingine, mimi nimelisubiri mpaka nimezeeka.

Mungu akujalie mkono mwepesi na ulimi mnyoofu, mwanangu, na kila anayekuuliza leo, kesho arudi akuulize tena.