Vifundo Ndani ya Kola

Wateja walimwita Mama Alama, na jina likamkaa. Alikuwa dobi, na kwa miaka thelathini kila nguo iliyoingia chumbani mwake ilitiwa alama ya uzi ndani ya kola kabla haijaona maji. Mwalimu mkuu alikuwa na mistari miwili myekundu. Mwenye bucha, miwili ya kahawia. Fundi saa alipewa mshono mmoja mfupi wa kijani, kwa kuwa naye alikuwa mfupi, na mstari mrefu kuliko yote ulikuwa wa kinyozi, maana yule bwana akifungua mdomo, kuufunga ni kazi. Hakuna kilichoandikwa. Yote yalikuwa kichwani mwake, na alijivunia hilo bila kificho.

Kisha macho yakaanza kumgomea. Nyekundu na kahawia zikawa ndugu wa tumbo moja. Hakumwambia mtu, hata mkwewe, mke wa mwanawe, aliyefanya naye kazi kila siku, mwanamke wa maneno machache na mikono myepesi. Aliogopa jambo moja tu: kuambiwa kwa adabu zote, "Mama, sasa pumzika," halafu awekewe kiti dirishani atazame wapita njia.

Nguo chafu hazikumsumbua, kwani zinajisema zenyewe. Chaki kwenye mkono wa kulia, huyo ni mwalimu. Nywele za watu mabegani, huyo kinyozi. Lakini nguo ikishafuliwa na kupigwa pasi inanyamaza, na kazi ya kuzipanga ilikuwa yake.

Siku moja mwalimu mkuu alirudi amevaa shati lililokaribia magoti.

"Mama Alama, nimekonda mimi, au mmenibadilishia mwili?"

Lilikuwa shati la mwenye bucha. Mkwewe akawahi.

"Niwie radhi, mwalimu. Nimechanganya mimi."

Mwalimu akacheka, akapewa lake, akaenda zake. Mama Alama alijua fika nani aliyezipanga zile nguo, lakini akamwachia mwenzake mzigo. Aliona haya siku nzima.

Wiki mbili baadaye alikuwa mezani akipanga mashati, kidole chake kikajikwaa. Chini ya mistari ya mwalimu palikuwa na kifundo cha uzi, kidogo kama punje ya mtama. Akachukua shati la mwenye bucha: viwili. La kinyozi: vitatu, vimefuatana. Akapekua rundo zima. Kila kola ilikuwa na vifundo vyake, vingine vimekaa viwiliviwili, vingine pembetatu, na hakuna wateja wawili waliofanana. Na yeye siku zote hizo, akimwona mkwewe na sindano, alidhani anakaza vifungo vilivyolegea.

Akageukia upande wa pasi. Mkwewe alikuwa amempa mgongo, ananyoosha shuka ambalo lilikwisha kunyooka zamani. Mama Alama akafumba macho, akapanga rundo lote kwa vidole bila kukosea hata moja. Alipomaliza alikuwa analia. Akajifuta kwa foronya ya mteja, ikabidi irudi majini.

Kesho yake akaja mteja mpya, mwenye duka la vitabu, na blauzi sita. Alipoondoka, mkwe akatia uzi kwenye sindano.

"Mama, huyu tumpe rangi gani?"

Ndivyo alivyouliza miaka yote. Mama Alama angeweza kutaja rangi yoyote, mambo yakaendelea vilevile, na aibu ikabaki imefunikwa. Akavuta stuli, akakaa karibu naye.

"Rangi chagua wewe, mwanangu. Mimi nitilie vifundo vinne. Na vya kinyozi vitanue kidogo, vimebanana mno."

Sindano ikasimama. Mkwe akainamisha kichwa juu ya blauzi.

"Sawa, mama. Nitavitanua."