Nimejua nia ya profesa, baba anataka ninyamaze

Mhariri, naomba ufiche jina langu na la kijiji chetu. Andika tu kwamba natoka upande wa Endamarariek, Karatu, maana wasichana wa huku tuko wengi. Nina miaka kumi na minane. Nimemaliza kidato cha nne na sikuchaguliwa kuendelea. Mimi si msemaji. Hata kanisani nikipewa somo la kusoma, mama hukaa benchi la mbele ili nimtazame yeye peke yake.

Tangu mavuno yaliyopita tunaishi na dada mmoja wa chuo kikuu. Anasomea udaktari, si ule wa sindano, ule wa kuandika kitabu. Huku kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote nyumbani. Mmoja humpa jirani, mwingine humpa rafiki wa mbali, na anayemfuga ndiye anayekunywa maziwa. Dada anataka kujua wanawake wana sauti gani juu ya ng'ombe hao. Yeye ni mtu wa pwani, hajui Kiiraqw, kwa hiyo mimi ndiye mkalimani wake. Ni mara ya kwanza maishani mwangu watu kunyamaza ili wanisikie mimi.

Sasa chuo kimemtaka Dada achague msimamizi, na huyo msimamizi ndiye atakayeunda kamati ya walimu wa kuisoma kazi yake na kuamua kama anastahili. Alipotueleza, baba alicheka sana. "Kamati nzima kwa kitabu kimoja! Sisi kijiji kizima tuna kamati moja, na hiyo yenyewe haikutani. Katibu wake nani?"

Walimu wa kuchagua ni wawili. Kuna profesa, mtu mzima mwenye jina kubwa. Akikubali yeye, wakubwa wenzake hawatakataa kukaa kwenye kamati. Na kuna mama mmoja mpole ambaye bado hana cheo. Wote wamefika huku kuiona kazi. Yule mama alishinda na akina mama akipukuchua nao mahindi. Profesa alikuja Dada akiwa amelazwa zahanati kwa malaria, hivyo niliyempeleka Kansay, kijiji cha jirani, ni mimi.

Akina mama wa Kansay walimtania. "Muulize mgeni wako kama ana mke, au tumtafutie hapa hapa." Profesa alitabasamu kidogo akaangalia saa. Kisha mama mmoja akasimulia jinsi mwenye ng'ombe alivyokuja kumchukua ng'ombe wake, naye akamzuia mlangoni mwa zizi akisema mtoto wangu anaumwa, maziwa haya hayatoki, na wanawake wa jirani wakaja kusimama naye mpaka yule mwanamume akaondoka mikono mitupu. Hapo profesa aliacha kuangalia saa. Aliandika mpaka jua likageuka.

Njiani alizungumza na dereva kana kwamba mimi ni gunia la mahindi kwenye kiti cha nyuma. "Hii ni dhahabu. Hii nitaiandika mwenyewe. Yule binti nikishakuwa msimamizi wake nitamgeuza, aandike habari za bei ya ngozi mnadani."

Dereva akacheka. "Na akikataa, mzee?"

"Atakataaje? Kamati si naiunda mimi?"

Jioni ile baba alikuwa ameandaa pombe. Wazee walisema slufay, ile sala yetu ndefu ambayo mmoja anaomba na wote wanaitikia, wakamwombea profesa njia nyeupe. Naye akaitikia pamoja nao, wakampenda. Alipokuwa anaaga alimwambia baba kwamba anamjua mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. "Mwambieni dada yenu aje kwangu. Nami huyu mtoto sitamsahau."

Kesho yake nilimweleza baba yote zizini. Alikamua mpaka akamaliza, ndipo akasema, "Tumekunywa naye kibuyu kimoja na tumemwombea. Mtu uliyemwombea baraka ukimchafua, baraka inageuka inakurudia." Baadaye akaongeza kwa sauti ya chini, "Na wewe ukibaki hapa utasubiri nini, mwanangu? Posa?"

Baba si mtu mbaya. Wenzake walimcheka aliponipeleka sekondari, wakamwambia anamlisha ng'ombe wa watu wengine. Hakurudi nyuma. Ananitakia mema, ndiyo maana nashindwa hata kumkasirikia.

Jana mimi na Dada tulikuwa tunachambua maharage, baba amekaa mlangoni akitia mpini kwenye jembe. Dada akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe umewaona wote wawili. Nikimchukua profesa, kazi yangu itakuwa salama?"

Baba aliacha kugonga mpini.

Niliinamisha kichwa. Huku kwetu msichana akiulizwa neno mbele ya wazee, akainama na kunyamaza, amekubali. Dada anaijua desturi hiyo, kwa sababu nilimfundisha mimi mwenyewe, ili asiwe anawauliza wasichana mara mbili. Alinipiga begani akacheka. "Haya, nimekusikia. Nitamwandikia profesa."

Baba akaendelea kugonga.

Nimekuwa nikijiambia kwamba kunyamaza ni kutosema kitu. Sasa naona nimesema, tena uongo, na Dada ananishukuru. Amepanga kuondoka mahindi yakishaingia ndani, na mashamba ya juu bado yana ubichi kidogo. Nikifungua mdomo, namvunjia baba heshima mbele ya wazee wenzake na chuo cha ualimu sitakiona. Nisipoufungua, maneno ya akina mama wa Kansay, yaliyopita kinywani mwangu, yatamnyang'anya Dada kazi yake.

Wasomaji wenye mabinti, na ninyi wasichana mnaowapenda baba zenu kama mimi, nishaurini. Mtu aliyekwisha kukubali kwa kunyamaza anaanzaje kusema hapana?