Ndizi za Shangazi na Tumbo Lisiloamka

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na hasira yake haijanitoka mpaka leo, ingawa nimeshastaafu uuguzi na nakaa zangu Ijuganyondo. Nilikuwa muuguzi kijana. Wodini tulikuwa na Laurenti, mkulima wa kahawa kutoka Muleba, aliyepasuliwa kongosho. Upasuaji ulikwenda salama, ila tumbo likagoma kuamka. Hutokea sana baada ya operesheni ile: chakula kikiingia hakishuki, kinakaa palepale hadi kirudi juu. Tulimwekea mrija puani wa kutoa maji ya tumboni, tukangoja. Subira yavuta heri. Siku tulipoutoa mrija, akaja shangazi yake.

Nilipiga magoti kumwamkia, kama tulivyolelewa. Nikiwa bado chini, akafunua kitenge: ndizi na maharage ndani ya jani la mgomba, mvuke unafuka.

"Waitu, ndugu zangu, mnamuua kwa njaa! Mtu asiyekula ndizi amekula nini?"

Nikambembeleza palepale chini, "Shangazi, tumbo lake bado." Hata hakunitazama.

Muuguzi mkuu wetu, mama mmoja mkali, akanishika bega. "Inuka! Salamu umeshatoa. Sasa simama umkataze."

Nikasimama, nikamkataza. Shangazi akaitikia vizuri kabisa, akafunga kitenge chake. Lo! Nilipogeukia mgonjwa mwingine tu, akamlisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Laurenti akatapika hadi akapaliwa, macho yakamtoka. Tukamlaza ubavu, tukamvuta matapishi kooni, huku shangazi akipiga kelele kwamba tumemroga. Sisi! Kidogo tumpoteze, na kwa nini? Kwa sababu mtu aliona aibu kurudi kijijini na chakula hakijaliwa!

Mrija ukarudi puani. Alikuwa amebakiza kidogo tu aonje uji mwepesi, akaanza kungoja upya, midomo imekauka, nami nikiilowesha kwa pamba. Alilia, mwanangu, mwanaume mzima. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mateso yale hakuyastahili.

Sasa nasikia wauguzi wa leo mnawaogopa ndugu, mnatazama ukutani wakifunua masufuria. Acheni! Pima kinachotoka kwenye mrija, mwinue kichwa mgonjwa, na daktari akiruhusu mwanzishe chakula kidogo kidogo. Ndugu waeleze mapema, kabla hawajawasha moto jikoni. Wape kazi ya kumtembeza. Wakikaidi, wazuie. Wakikuita mtoto asiye na adabu, mgonjwa wako atakuwa hai kulisikia tusi hilo.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, akupe na ulimi usioogopa.